Msimbazi: bustani ambayo kazi yake ni kulowa

Jina lenyewe kichekesho. Panaitwa Jangwani, na kila masika hapo ndipo Dar es Salaam inapokatika vipande viwili kwa maji. Mvua ikipiga usiku kucha huko Pugu na Kisarawe, asubuhi polisi wameshafunga Barabara ya Morogoro, mabasi ya mwendokasi yanaishia Magomeni, na watu wa kwenda Kariakoo na Posta wamesimama ukingoni viatu mkononi, kila mmoja akipima kina kwa macho. Hapo ndipo biashara inapoanza. Wenye mikokoteni wanapakia abiria kama magunia. Wasio na mkokoteni wanabeba mgongoni. Mwaka mmoja nilivushwa hivyo mimi mwenyewe, begi nimelikumbatia, na kijana aliyenibeba alikuwa akipapasa lami kwa vidole vya mguu kabla ya kila hatua, asije akaukosa ukingo wa barabara. "Usitazame maji, braza, tazama ile nguzo," aliniambia. Nguzo ya taa. Ndiyo ramani pekee tuliyokuwa nayo siku ile.

Wapenzi wa mpira wanalijua bonde hili kwa njia nyingine. Watani wa jadi wanaoigawa nchi wamechukua majina yao hapa: Wekundu wa Msimbazi, yaani Simba, wako Kariakoo kwenye mtaa mkavu, na Watoto wa Jangwani, yaani Yanga, wako chini, Twiga na Jangwani, ambako uwanja wao wa Kaunda umegeuka bwawa mara nyingi kiasi kwamba shabiki wa Simba hahitaji kutunga utani mpya.

Kisa ninachokichambua hapa ni mradi wa kuliendeleza bonde la chini la mto Msimbazi, kuanzia Barabara ya Kawawa hadi daraja la Salander, pale mto unapoingia baharini. Fedha zake ni kama dola milioni 260 za Marekani: milioni 200 ni mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022, na zilizobaki zimetoka Hispania na Uholanzi. Utekelezaji uko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mengi yaliyoandikwa juu yake yanahusu fidia na daraja, na nitayagusa yote mawili. Lakini kwa macho ya usanifu wa mandhari, mradi huu ni wa mchanga kwanza. Ukielewa mchanga unakotoka, unakotua na nani anauondoa, mengine yote ya mchoro yanajieleza, pamoja na mahali unapoweza kuvunjika.

Mto mfupi

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unashuka kama kilomita 35 kupitia Ulongoni, Tabata, Vingunguti na Kigogo, njiani ukipokea vijito vya Ubungo na Sinza, kisha unajimwaga kwenye mikoko ya Salander. Kwa mto, hiyo ni safari fupi mno. Maji ya juu yanafika chini kwa saa chache tu, na ndiyo maana mkazi wa Magomeni Suna anaweza kuwa ameanika nguo juani na bado akaona maji yanaingia mlangoni: mvua imenyesha kwa wenzake.

Huko juu mteremko ni mkali kiasi, udongo ni wa kichanga, miti imekatwa na mitaa imeota kuliko mipango. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Milioni moja kwa miaka kumi. Kila mmoja wao anahitaji paa, na kila paa ni maji ambayo zamani yaliingia ardhini na sasa yanakimbilia mtoni. Yanakimbia yamebeba barabara za vumbi, kingo zilizobomoka, viwanja vilivyofyekwa juzi. Kule Ulongoni mto umemeza nyumba si kwa kuzifurika bali kwa kuila ardhi chini yake, kipande kwa kipande.

Ukifika Jangwani, mteremko umekwisha. Mto uliochoka hutua mzigo wake. Mchanga unajaa chini ya daraja la Barabara ya Morogoro mpaka tundu la kupitishia maji linabaki mwanya, na mvua inayofuata haina pa kupita ila juu ya lami. Kila mwaka vijiko vinaletwa kuuzoa. Ukipita pale wakati wa kazi utaona mchanga umerundikwa palepale pembeni, na hata asiyesoma haidrolojia anajua masika ijayo sehemu yake itarudi ilikotoka.

Halafu kuna bahari. Watu wa Feri wanajua tofauti ya bamvua, siku za maji makubwa, na maji mafu, siku za maji madogo, bila kufungua kalenda. Siku za bamvua, kati ya kujaa na kupwa bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mafuriko yakikutana na bamvua linalojaa, pale Salander mlango umefungwa kwa nje: mto unasukuma, bahari inasukuma, na Jangwani iko katikati. Mvua ileile, kwa kiasi kilekile, inaweza kuleta balaa au usumbufu tu kutegemea saa iliyofika mdomoni mwa mto.

Alama ya X

Hakuna anayeweza kusema kwamba hatari hii iligunduliwa juzi. Mpango kabambe wa jiji wa 1979 ulishalitaja bonde la Msimbazi kuwa eneo hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Watu walijenga hata hivyo, na si kwa ujinga. Chumba cha Jangwani au Mchikichini kinakuweka Kariakoo kwa miguu. Mama anayeuza vitumbua alfajiri, kuli wa sokoni, fundi viatu, wote wanaishi kwa umbali huo. Nauli ya daladala mbili kwenda na kurudi ingekula faida yote. Na serikali ileile iliyosema hapafai ilivuta umeme na mabomba mpaka hapo. Nyumba nyingi zilikuwa na mita ya LUKU ukutani. Mtu akikuuliza "kwani nilivamia?" huku amesimama chini ya mita ya LUKU, jibu si jepesi.

Desemba 2011, siku chache baada ya nchi kusherehekea miaka 50 ya Uhuru, mvua kubwa iliua zaidi ya watu 40 jijini, wengi wao mabondeni. Serikali iligawa viwanja Mabwepande, kaskazini, nje kabisa ya mji wa wakati ule. Kwa hesabu ya mafuriko Mabwepande palikuwa pazuri. Kwa hesabu ya vitumbua palikuwa mbali. Baadhi waliuza viwanja wakarudi kupanga vyumba bondeni, mara nyingine mtaa uleule walioondolewa. Kisha mwishoni mwa 2015 ikaja bomoabomoa: X nyekundu kwenye kuta, matingatinga, kesi mahakamani, amri ya kusitisha, na familia zilizolala juu ya kifusi cha nyumba zao.

Kwa msanifu wa mandhari kosa la zamu zote hizo ni moja. Mpango wa kuwaondoa watu ulikuwepo. Mpango wa kuliweka bonde lenyewe haukuwepo. Bonde tupu katikati ya jiji halikai tupu. Litapata wenyeji wapya, au litapata kifusi, au litapata mradi wa mtu mwenye nguvu kuliko wale walioondolewa. Na kweli, mwaka 2016 mwendokasi ulipoanza safari, karakana yake kuu ilikuwa imeshajengwa palepale Jangwani, ndani ya bonde, juu ya kifusi. Mwananchi aliyebomolewa nyumba Desemba alishuhudia mabasi mapya yakiegeshwa kwenye ardhi ileile aliyoambiwa haifai. Masika zilizofuata mabasi yalizama. Maji hayakujali kwamba safari hii mkaidi alikuwa serikali.

Mchoro

Aprili 2018 maji yalirudi kwa nguvu. Hasara ya mafuriko yale kwa kaya za Dar es Salaam ilikadiriwa kupita dola milioni 100. Yalikuja wakati ambapo mpango mpya ulikuwa tayari mezani: kati ya Januari na Agosti 2018, TAMISEMI na Benki ya Dunia, kwa fedha za Uingereza, waliwakalisha pamoja wizara, manispaa, wataalamu na wawakilishi wa mitaa katika mfululizo wa warsha za kuchora kwa pamoja. Hebu fikiria kikao ambamo bonde unalolijadili limefurika wiki hiyohiyo. Nadhani lile gharika lilifanya kazi ambayo hakuna hotuba ingeifanya. Mpango uliotokana na warsha hizo ulitoka 2019.

Wazo lake la msingi linaelezeka kwa koleo. Chimba katikati, mwaga pembeni. Sakafu ya bonde inashushwa ili maji yapate pa kukaa, na udongo unaotoka unatumika kuinua kingo upande wa Magomeni, Ilala na Upanga mpaka ziwe juu ya kimo cha mafuriko. Kwenye kingo zilizoinuliwa patajengwa nyumba na biashara. Kilichobaki chini, takriban hekta 400, kinakuwa bustani ya jiji. Depo ya mwendokasi inahama kwenda Ubungo Maziwa. Daraja jipya la Jangwani, mita 390, linauvuka mto pamoja na nafasi ya mto, jambo ambalo la zamani halikuwahi kufanya.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo penye usanifu. Watu wengi wakisikia "usanifu wa mandhari" wanafikiria ukoka, pevingi za rangi na miashoki iliyopangwa foleni kama wanafunzi paredi. Msimbazi inaonyesha fani hii ikifanya kazi yake halisi, ambayo ni kuamua kimo. Hekta moja ukiichimba kwa kina cha mita moja inatoa mita za ujazo 10,000. Kama tipa moja linabeba kumi, hizo ni safari elfu moja. Kuupeleka udongo huo Kisarawe au Kibaha kungeua bajeti, kungeharibu barabara na kungekuacha na shimo tu. Ukiumwaga mita mia tatu kutoka ulipouchimba, safari ni fupi na unapata vitu viwili kwa jasho moja: tundu la maji na kiwanja kikavu.

Baada ya kimo, kila tabaka linapewa ruhusa yake ya kulowa. Chini kabisa ni mto wenyewe na mikoko, iliyozoea chumvi na tope, na ambayo inapunguza nguvu ya maji kwa kuyachelewesha kwenye mizizi. Juu yake kidogo panakaa vitu visivyodhurika kwa kulowa siku tatu kwa mwaka: viwanja vya mpira, njia za miguu, malisho, bustani za mchicha. Juu zaidi ndipo mtu analala. Mchicha nautaja makusudi. Bonde la Msimbazi limelisha jiji mboga kwa miaka mingi, na maji yake yamelalamikiwa kwa miaka mingi pia, kwa kuwa yanapita Vingunguti penye viwanda na mabwawa ya majitaka. Bustani itakayofukuza wakulima wa mchicha kwa ajili ya ukoka itakuwa imeondoa matumizi yaliyokuwa yanaelewana na mafuriko kuliko yote. Tuta la mchicha likizama, mkulima anapanda upya baada ya wiki mbili. Kibanda cha aiskrimu kikizama, mwenyewe anakwenda kuomba msamaha wa kodi.

Mkono wa Uholanzi unaonekana wazi. Wao kwa karne nyingi walipandisha kingo za mito yao, kisha baada ya mafuriko ya 1993 na 1995 wakageuza mawazo na kuanza kuipa mito nafasi. Mfano unaotajwa sana ni Nijmegen, ambako ukingo wa Lent ulisogezwa nyuma mita 350, mfereji mpya ukachimbwa na katikati kikabaki kisiwa chenye bustani. Nyumba kama 50 ziliondolewa. Mfano mzuri, ila usiazimwe mzimamzima. Mto Waal, ule wa Nijmegen, unatoa taarifa ya siku kadhaa kabla ya kujaa, kwa sababu maji yake yanatoka mbali, Ujerumani na Uswisi. Msimbazi unatoa taarifa ya saa chache. Na Lent hapakuwa na nyumba ya vyumba sita yenye familia sita.

Nani atachota?

Sasa shaka yangu. Mchoro wa chimba-mwaga unafanywa mara moja. Mchanga unakuja kila mwaka.

Ukishaishusha sakafu ya bonde na kuipanua, umeutengenezea mto mahali pazuri zaidi pa kutulia, na mto unaotulia ndio unaotua mzigo. Kwa maneno mengine, ukifanikiwa kuyapunguza kasi maji, umefanikiwa pia kuukaribisha mchanga. Hilo si kosa la mchoro. Ndivyo mabonde ya mafuriko yalivyo tangu Nuhu. Ila maana yake ni kwamba bustani hii haitamaliziwa siku ya kukata utepe. Itahitaji kijiko kila mwaka, pengine kwa miongo, mpaka vilima vya juu vitulie. Na bajeti ya matengenezo ni kitu tunachokijua sote: mradi una fedha za kujenga, halmashauri ina barua ya kuomba fedha za kutunza.

Mpango unatambua kwamba tiba iko juu, na una sehemu ya kazi za huko: kupanda miti, kuimarisha kingo, kushughulikia taka ngumu. Lakini kazi za juu hazina picha. Daraja unaweza kulipiga kwa droni. Mtaro wa Ulongoni uliozuia tani kadhaa za udongo zisiondoke hauna mtu wa kuupiga picha. Nikipewa kalamu ningehamisha sehemu ya heshima, na ya fedha, kutoka bustani kwenda kilimani.

Kuna jambo moja ambalo naona tunalichezea. Mchanga ni mali. Jiji hili linajengwa kwa tofali za saruji, na mchanga wake unachotwa kila mahali panapochoteka, ikiwemo mitoni huko juu, kinyemela, kwa kuchimbua kingo. Yaani tunachimba mchanga pabaya kwa kuiba, na tunalipia kuuondoa pazuri kwa kodi. Mabwawa ya kunasa mchanga yaliyowekwa juu kidogo ya Barabara ya Kawawa, yenye njia ya malori, mizani na vibali kwa vikundi vya vijana, yangegeuza gharama ya kila mwaka kuwa mapato ya kila mwaka, au angalau yangeipunguza. Vijana wale wale wa mkokoteni, ukipenda. Si wazo la ajabu. Linahitaji tu mtu akubali kwamba sehemu ya bustani ya jiji itakuwa machimbo yenye kelele na vumbi, na kwamba hilo ni zuri.

Taka nazo zina hesabu yake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019 na tofauti ilionekana. Chupa zilibaki. Ukitaka kujua mitaa ya juu inakunywa nini, simama Salander baada ya mvua. Chupa zikikutana na matawi chini ya daraja zinafanya kizibo, na kizibo kinadaka mchanga.

Waliopima kwa magoti

Kabla ya yote hayo kulikuwa na swali la kitoto: maji yanafika wapi? Ramani rasmi hazikuwa na mitaa mingi ya mabondeni, achilia mbali kimo cha mafuriko. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo vya hapa jijini, wakiongozana na wakazi, kuchora mifereji, nyumba na vichochoro, kwa simu na picha za droni. Kwenye mafuriko walitumia kipimo ambacho hakihitaji mafunzo. Unamuuliza mwenye nyumba: maji yalikufika wapi? Kifundo, goti, kiuno, kifua. Mama anaweka kiganja ukutani, "hapa", na mara nyingi mstari wa tope bado upo kumtetea. Yule mwanafunzi anaandika. Maelfu ya viganja vile vilivyowekwa ukutani vilikuja kuwa data ambayo mhandisi anaweza kuilinganisha na kompyuta yake.

Na wakazi walijua zaidi ya kimo. Ukiingia nyumba za Hananasif au Suna ulikuta usanifu mzima usio na jina: kizingiti cha mlango kimeinuliwa mpaka mgeni anajikwaa, kitanda kimekaa juu ya tofali, soketi za umeme ziko usawa wa bega, nyuma kuna tundu la kutolea maji lililozibwa kwa gunia. Hananasif hiyohiyo, miaka ya 1990, wakazi walijenga mifereji ya mtaa wao kwa mikataba ya jamii, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, wakilipwa kwa kazi ya mikono yao na kuchangia wenyewe. Kwa hiyo tunaposema kujenga jamii inayohimili mafuriko, tusijifanye tumewakuta watu wamekaa wanangoja.

Kuhusu fidia, ugomvi mkubwa ulikuwa kwenye ardhi. Nyumba inathaminika: bati, tofali, milango. Lakini kiwanja ambacho sheria inasema hakipaswi kuwa na nyumba, kina bei? Kisheria unaweza kubishana pande zote mbili mpaka jioni. Kiusanifu jibu langu ni rahisi zaidi. Ardhi ile inageuzwa kuwa miundombinu, kama reli au bwawa, na faida yake itaonekana Upanga, Kariakoo na kwa kila abiria wa mwendokasi. Anayetoa ardhi kwa ajili ya faida ya jiji zima asitazamwe kama mtu anayesamehewa kosa. Mwaka 2024 waliolipwa walipewa muda, na wengi walibomoa wenyewe. Nilipita siku moja nikakuta mzee amekaa juu ya rundo la mabati yaliyopigwa nambari kwa chaki, 1 hadi 38, ayapange vilevile atakakokwenda. Nondo zilikuwa zimenyooshwa tayari.

Mpangaji ni habari nyingine. Kwenye nyumba ya vyumba sita mwenye nyumba ni mmoja, na mara nyingi haishi humo. Familia tano au sita zinatoka na magodoro, na anayebeba hundi ya nyumba ni mtu wa Tabata. Mpangaji hakupoteza jengo; alipoteza umbali wa kwenda Kariakoo, na umbali hauna fomu ya tathmini. Hapa kingo zilizoinuliwa zingeweza kuwa jibu. Ni ardhi mpya, kavu, katikati ya jiji, hatua chache kutoka sokoni, na kwa sababu hizohizo kila mwenye mtaji ataitaka. Sehemu yake ikitengwa kwa vyumba vya kupanga vya bei ya kuli na mama vitumbua, mradi utakuwa umewapandisha watu mita chache badala ya kuwahamisha kilomita thelathini. Ikiuzwa yote kwa bei ya soko, tumejenga Masaki ya pili na tutakutana na wapangaji wale wale kwenye kijito kingine, Sinza au Mbezi, na X nyingine.

Bustani yenyewe nayo iangaliwe uzio. Viwanja vya Jangwani vilikuwa vya wazi: mikutano ya kampeni, mpira wa mchangani, mbuzi. Hekta 400 zenye geti na kiingilio zitakuwa kubwa kwenye ramani na ndogo kwa mtoto wa Kigogo.

Jambo la mwisho ni dogo, na halimo kwenye mchoro wowote niliouona. Zile kuta zenye mistari ya tope zimebomolewa, na walioweka viganja wametawanyika: Chanika, Mbagala, Kibaha, vijijini kwao. Kumbukumbu ya kimo cha maji ilikuwa imeandikwa kwenye nyumba na miilini mwa watu, na vyote viwili vimeondoka bondeni. Miaka ishirini ijayo kijana atacheza mpira pale siku ya jua kali na hataamini kwamba maji hufika juu ya goli. Ningependa kila mita mia, kandokando ya njia za bustani, pasimame nguzo nene ya zege iliyochorwa mistari: kifundo, goti, kiuno, kifua, na mwaka ubavuni. 2011. 2018. Juu ya mstari wa mwisho pawe na nafasi ya kutosha kuandika mingine, na pale Barabara ya Morogoro inapovuka nguzo ziwe ndefu kuliko kwingine, zionekane kutoka Magomeni.